Asali Iliyoganda na Mzinga Ulioko Msituni

Wahenga walisema kwamba aonjaye asali huchonga mzinga. Leo, ndugu msomaji, wengi wetu tunaoishi mijini tunaionja asali lakini hatuchongi mizinga. Tunakwenda dukani, au tunamsimamisha kijana anayepita mtaani na ndoo yake ya masega. Si kosa, maana mfanyakazi wa Ubungo au Mwanjelwa hana msitu wa kutundika mzinga. Hata hivyo iko mizinga inayotundikwa kwa ajili yake, mbali sana na hapo alipo, na jinsi anavyoitumia shilingi yake ya asali ni sehemu ya yale yatakayoamua kama mizinga hiyo itaendelea kutundikwa au itaozea juu ya miti.

Tuanzie kabatini kwako. Mama wa nyumbani ananunua chupa ya asali, anaiweka, na baada ya majuma kadhaa anaikuta imeganda, imekuwa nyeupe-nyeupe na chembechembe kama samli wakati wa baridi. Papo hapo anasema, "Nimeuziwa sukari!" Chupa inarudishwa kwa muuzaji pamoja na maneno makali, na tangu siku ile muuzaji huyo hataki tena asali inayoganda.

Ukweli ni kwamba asali safi huganda. Asali ni sukari za asili za aina kadhaa zilizokolea katika maji machache mno, na mojawapo ya sukari hizo, yaani glukosi, hushindwa kukaa katika hali hiyo ikajitenga na kuwa chembe. Asali ya maua fulani huganda upesi, nyingine hukaa mwaka bila kuganda. Kuganda si dalili ya uchafu wala ya hila. Ukitaka irudie umajimaji wake, iweke chupa ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, maji ambayo mkono wako unaweza kuyastahimili, uiache polepole. Usiibandike motoni. Na jaribio lile la njiti ya kiberiti, la kuichovya katika asali kisha kuiwasha, tuliache. Kama linapima kitu, basi linapima wingi wa maji, na mjanja aliyechemsha sukari hadi ikawa nzito atalishinda bila taabu.

Nimeanza na habari za kabatini kwa sababu hukumu ya mama yule haiishii pale mtaani. Muuzaji anayeogopa lawama huchemsha asali yake ili isigande. Ikichemshwa, harufu ya maua hupotea, rangi hukolea, na yale mema ambayo nyuki aliyaweka humo huharibika. Kisha mnunuzi wa jumla humwendea mrina asali kijijini akamwambia kwamba asali yake haitakiwi mjini, basi akubali bei ndogo. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri kabisa huadhibiwa kwa wema wa kazi hiyo.

Mrina asali huyo ni nani? Tazama kwanza neno lenyewe. Kiswahili hakikuridhika kusema kwamba asali "huvunwa" kama mahindi. Kilitunza kitenzi maalumu, kurina, kwa kazi hii ya kupanda mti na kutoa masega. Lugha haimpi mtu neno lake peke yake bila sababu. Na neno mzinga maana yake ya asili ni kitu cha mviringo chenye uwazi ndani, ndiyo maana hata silaha kubwa ya kivita ilipofika pwani yetu ikapewa jina la makao ya nyuki.

Sehemu kubwa ya asali ya nchi yetu hutoka katika misitu ya miyombo ya magharibi: Tabora, Katavi, Kigoma, na upande wa Singida hadi kwenye vichaka vya Itigi. Huko ufugaji wa nyuki ni kazi ya mababu. Mzinga wa gome hutengenezwa wakati wa mvua, wakati utomvu unapopanda na gome kubanduka kwa urahisi. Fundi huchagua mtundu au myombo ulionyooka, hukata duara mbili kulizunguka shina, moja juu na moja chini, hupasua mstari mmoja wa wima, kisha hulibandua gome lote likiwa bomba zima. Hulishona kwa vijiti vilivyochongwa, huziba ncha zake kwa mifuniko ya nyasi au mbao, huacha tundu la kuingilia, na hupaka nta kidogo ndani ili harufu yake iwaite nyuki wanaotafuta makao. Mzinga wa gogo huchukua muda zaidi, maana hupasuliwa na kuchimbwa kwa tezo, lakini hudumu miaka mingi kuliko ule wa gome. Nyuki hawanunuliwi. Mizinga hutundikwa mingi na mwenyewe husubiri.

Wataalamu wengi waliopita huko waliita kusubiri huku uvivu. Lakini fikiri kidogo juu ya nyuki wetu mwenyewe. Nyuki wa Afrika si mpole kama ndugu yake wa Ulaya. Huhama upesi akisumbuliwa, akikosa maua au akivamiwa na siafu, na hugawanyika makundi mara nyingi. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki hawa, wengi wao kutoka Afrika Kusini na wengine kutoka Tanganyika, ili wachanganywe na nyuki wa kwao. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalimponyoka. Uzao wao ulienea Amerika ya Kusini yote yenye joto, ukapita Amerika ya Kati, na mwaka 1990 ukaingia Texas nchini Marekani. Nyuki mwenye tabia kama hiyo hamfai mfugaji mwenye sanduku moja la bei kubwa aliloliweka mahali pamoja. Humfaa mtu mwenye mizinga mingi ya gharama ndogo, iliyotapakaa katika msitu mpana, ambaye kundi likihama bonde hili atalikuta bonde la pili. Wazee wa Unyamwezi hawakuandika jambo hili katika kitabu chochote, lakini namna wanavyotundika mizinga yao inalieleza wazi.

Zaidi ya nyuki, wazee hawa wanaijua nchi. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ikawakusanya katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Maeneo mapana yakabaki mapori. Walioendelea kuyarudia mapori hayo, msimu baada ya msimu, ni warina asali, ambao mizinga yao ilibaki kwenye miti ya mahame. Miaka ya 1970, watu walipohamia tena katika vijiji vipya, safari hizo za kambini ziliendelea. Majina ya vijito, visima vya kiangazi, mahali palipokuwa na kijiji cha babu: mengi ya hayo yamehifadhiwa katika vichwa vya watu ambao shughuli yao rasmi, ukiwauliza, ni kutafuta asali.

Tusiifanye kazi hii kuwa ya malaika. Mzinga wa gome huua mti, kwa kuwa mti uliozungushiwa jeraha hilo haupati chakula tena. Moto wa kurinia ukiachwa bila kuzimwa huteketeza msitu. Mrina mwenye haraka hukamua kila kitu pamoja, asali, chavua, majivu na hata majana ya nyuki, na asali hiyo huchachuka kabla haijafika mjini. Kwa miaka mingi kuchachuka hakukuwa hasara, kwa sababu sehemu kubwa ya asali ilipikiwa wanzuki, kinywaji cha asali kilichotumika katika shughuli za ukoo, na nta iliyobaki ndiyo iliyouzwa. Kwa muda mrefu nta ndiyo iliyoingiza fedha kutoka ng'ambo, kuliko asali yenyewe.

Baada ya Uhuru wafugaji nyuki wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika na kiwanda cha asali pale Kipalapala, jirani na mji wa Tabora. Wazo lilikuwa jema: mrina abaki msituni na mizinga yake, na mashine zimsubiri mwisho wa njia. Nasisitiza neno hilo, mwisho wa njia, kwa maana tangu hapo mipango mingi ya kumsaidia mfugaji imeanzia mwanzo wa njia, kwenye mzinga wenyewe. Mwaka 1998 tulipata Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki, na mwaka 2002 ikatungwa sheria. Miradi ikaja, na kila mradi ukaja na masanduku.

Sanduku ni kitu kizuri, sipingi. Mwaka 1851 mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, alitambua kwamba nyuki huacha wazi nafasi yenye upana maalumu, milimita chache tu, bila kuijaza nta wala gundi yao. Na juu ya siri hiyo ndogo akajenga mzinga wa fremu unaotumika dunia nzima. Hapa kwetu na Kenya umeenea pia mzinga wa sanduku wenye vijiti vya juu, ambao ni rahisi zaidi kutengeneza. Mzinga huo huwekwa chini, kwenye vigingi, na umefungua mlango kwa akina mama, ambao zamani kazi hii iliwapita kwa kuwa ilidai kupanda miti usiku na kulala kambini kwa majuma. Hilo peke yake ni jambo kubwa.

Lakini sanduku lina masharti yake. Kila kijiti cha juu kinatakiwa kiwe na upana wa milimita 32, kwa kadiri ya mwili wa nyuki wetu. Fundi seremala akikosea kidogo, nyuki huunganisha masega mawili, na siku ya kurina kila kitu hukatika. Linataka ukaguzi wa mara kwa mara, mavazi na bomba la moshi, na zaidi ya yote linataka maua. Sanduku lililowekwa kando ya shamba tupu ili mgeni wa heshima alizindue litakaa tupu. Huko msituni unaweza kulikuta sanduku la mradi limejaa mchwa, na hatua mia kutoka hapo gogo la mzee fulani likivuma kama mashine ya kusaga. Uamuzi wangu, na naomba wataalamu wanivumilie, ni kwamba tatizo la asali yetu kwa sehemu kubwa halikuwa mzinga. Lilikuwa ndoo.

Nitaeleza. Nyuki katika mzinga wa gogo au wa gome huweka majana karibu na tundu la kuingilia, na asali huiweka nyuma. Mrina stadi hufungua ncha ya nyuma, hutoa masega yaliyofunikwa kwa nta, hayo ndiyo yaliyoiva, na huyaacha yale ya mbele ili kundi lisihame. Asali ya masega hayo ni safi sawasawa na ya sanduku lolote. Haijaguswa na dawa, kwa kuwa nyuki wetu wanastahimili hata wadudu wa varoa ambao kwingineko duniani huwalazimisha wafugaji kutumia madawa kila mwaka. Kinachoiharibu ni yale yanayofuata: masega mabichi kuchanganywa na yaliyoiva, kuchujwa kwa nguo chafu, kutiwa katika kidumu kilichokuwa na mafuta ya taa au katika pipa lenye kutu, kuachwa wazi mpaka inyonye unyevu wa hewa. Vipimo vya kimataifa vya Codex vinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20. Kuyapima kunahitaji chombo kidogo kinachoenea mfukoni na tone moja la asali. Ndoo safi yenye kifuniko, chujio, kinu cha kukamulia na chombo hicho kidogo: vitu hivi ni rahisi kuliko shehena ya masanduku, na havimwambii mzee kwamba yote aliyoyajua ni upuuzi.

Majirani zetu wa Zambia wamelionyesha jambo hili kwa vitendo. Katika Mkoa wa Kaskazini-Magharibi, upande wa Kabompo, ambako miyombo ni ileile ya kwetu na mizinga ni ya magome, kampuni iliyokuwa mikononi mwa wafugaji wenyewe ilianza miaka ya 1990 kuuza Ulaya asali na nta zenye hati ya kuthibitisha kwamba ni za asili, zisizo na kemikali. Wakaguzi hawakudai mizinga ibadilishwe. Walitaka kujua kila ndoo imetoka kwa nani, imevunwa lini, na msitu wake uko wapi. Mrina asiyewahi kuingia darasani alijikuta kiungo cha kwanza cha mnyororo wa biashara ya kisasa, na alichokiuza ni ule ujuzi wake wa kale.

Sisi pia tunacho cha kuuza. Takwimu za serikali husema kwamba misitu yetu, inayokaribia hekta milioni 48, inaweza kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kila mwaka. Mavuno yanayokadiriwa ni tani 30,000 hivi za asali, nayo yanatosha kuiweka Tanzania katika nafasi ya pili barani Afrika nyuma ya Ethiopia. Ile hesabu kubwa tuitazame kwa tahadhari, maana huhesabu miti kana kwamba yote iko salama. Haiko. Tumbaku ya Tabora hukaushwa katika mabani kwa kuni, na kuni hizo ni miyombo ileile inayotoa maua. Kijana wa Urambo au Sikonge anapopima maisha yake, mbele yake iko tumbaku ambayo chama cha ushirika kinainunua kwa mkataba na pembejeo anakopeshwa, na iko asali ambayo mnunuzi hufika akipenda na kutaja bei aipendayo. Unamlaumu nini? Baba yake akifariki anarithi mizinga, na mizinga hiyo anaisahau.

Katika miaka ya karibuni imesikika kaulimbiu ya "Achia shoka, kamata mzinga." Ni nzuri masikioni, ingawa mzee wa Unyamwezi angecheka, kwa kuwa bila shoka hana mzinga. Jambo la kumshughulisha zaidi ni njia ya kuingia msituni. Pori la Akiba la Ugalla, ambako warina asali waliingia kwa vibali vya msimu kwa miaka mingi, mwaka 2019 lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, na hifadhi ya taifa ina masharti makali zaidi kuliko pori la akiba. Wanyama na watalii wana haki yao. Lakini watu ambao kwa vizazi wamekuwa wakichoma nyasi mapema, zikiwa bado mbichi, ili moto mkali wa kiangazi usiiguse miti ya mizinga, hawafai kuhesabiwa pamoja na majangili. Nashauri wakubwa wanaopanga mipaka wawaite wazee hawa mezani kabla ya wino kukauka.

Kuna wanaodhani kwamba urithi wa namna hii utahifadhika kwa kutia mzinga mmoja wa gome na kilindo kimoja cha zamani katika makumbusho, watoto wa shule wakapitishwa mbele yake. Watoto wapitishwe, ni vizuri. Ila mzinga wa makumbusho hauna nyuki, na anayeufuta vumbi hajui ni mwezi gani gome hubanduka. Elimu hiyo itakaa tu mahali ambapo mtu analipwa kwa kuwa nayo, na anayelipa, ndugu msomaji, ni wewe.

Basi unaponunua, muulize muuzaji asali imetoka wilaya gani na imerinwa lini. Asipojua, hiyo ni habari tosha. Tazama kama chupa ina alama ya TBS na jina la kikundi au kiwanda. Asali inayotoa povu na harufu ya uchachu imevunwa mbichi au imeingia maji. Nyeusi si mbaya na nyeupe si bandia. Rangi hutoka kwenye maua. Nta usiidharau ukiikuta, kwani hufaa kwa mishumaa, kwa kulainisha ngozi na kwa uzi wa fundi viatu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, iwe safi namna gani, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Bibi akisisitiza kumlambisha mjukuu, mwambie kwa adabu.

Mavuno makubwa ya magharibi huja baada ya mvua kwisha, kuanzia mwezi Mei. Maonesho ya Sabasaba yanapofunguliwa pale Barabara ya Kilwa, asali mpya ya Tabora na Katavi huwa imekwisha kufika kwenye mabanda, na mara nyingi aliyeileta yupo papo hapo nyuma ya meza. Muulize juu ya mti wa mtundu. Na ukiona kopo ambalo asali yake imeanza kuganda upande wa chini, mwambie akufungie hilo.